Mirathi haifunguki yenyewe

Ami yangu alifariki alfajiri, na alasiri tulikuwa Kikowani tunamwagia kaburi mchanga. Ndivyo tunavyozika Mombasa: sanda, sala, kaburi, kabla jua halijachwa. Naibu chifu aliandika kibali cha maziko akiwa amesimama mlangoni, karatasi ameiegemeza mgongoni mwa kijana mmoja wa mtaa kwa kuwa meza zote zilikuwa zimeshatolewa nje kupisha majamvi. Kibali kile kilikwenda makaburini, kikakunjwa, kikaingia mfukoni mwa kanzu ya mtu. Miaka mitatu baadaye mjane wake alipohitaji cheti cha kifo, hakuna aliyekumbuka ilikuwa kanzu ya nani.

Tangu hapo nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama ya kadhi na ya Mahakama Kuu nikiwasindikiza jamaa na majirani, na nimejifunza mirathi kwa kusubiri kuitwa. Katika yote niliyoyaona, kinachotesa watu zaidi ni muda. Nyumba iliyoachiwa warithi wanne, ikikaa miaka kumi bila kugawanywa, inaweza kuwa ya watu kumi na watatu, baadhi yao watoto wadogo na wengine hawajuani. Hesabu yake nitaionyesha huko mbele. Kwanza karatasi.

Kibali cha maziko na cheti cha kifo

Kibali kinakuruhusu kuzika, basi. Benki, mahakama na ofisi ya ardhi wote wanataka cheti cha kifo, na cheti hutoka kwa msajili wa vizazi na vifo baada ya taarifa ya kifo kuandikishwa. Aliyefia hospitalini, hospitali ndiyo inayoandika taarifa hiyo. Aliyefia nyumbani, kazi hiyo ni ya naibu chifu. Ombi la cheti siku hizi hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na asiyejiweza na mtandao husaidiwa Huduma Centre. Kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kimechelewa, na kukiandikisha baada ya hapo kunahitaji idhini ya maandishi ya msajili mkuu. Kwa hiyo matanga yakianuliwa, mtu mmoja mwenye subira apewe kazi hiyo moja tu.

Na aangalie majina. Huku kwetu mtu mtaani anaitwa kwa jina la baba yake, kitambulisho kina jina la babu, hati ya nyumba ya zamani imeandikwa "bin", na kitabu cha benki kina herufi moja iliyopotea. Kila tofauti kati ya karatasi hizo italazimu kiapo mbele ya wakili kueleza kwamba hao wote ni mtu mmoja. Jina kwenye taarifa ya kifo lifuate kitambulisho, herufi kwa herufi.

Sheria ipi inamhusu marehemu

Kenya ina Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mwanzoni ilimhusu kila mtu, Waislamu nao, na pwani ililalamika kwa miaka. Marekebisho ya 1990 yakasema mali ya Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Kinachoangaliwa ni dini ya marehemu siku aliyokufa. Dini ya warithi haibadilishi sheria, ila inaweza kubadilisha mahakama: Katiba, kifungu cha 170, inampa kadhi uwezo wa kusikiliza mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Mmoja akiwa si Mwislamu, au akikataa, shauri linakwenda Mahakama Kuu, na jaji naye atatumia sheria ya Kiislamu kwa kuwa mali ni ya Mwislamu.

Hili linagusa nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Nenda Likoni au Kisauni uhesabu familia ambazo baba ni Mwislamu na mtoto mmoja ni Mkristo, au kinyume chake. Katika faraidh, yaani mafungu ya urithi ya Kiislamu, mtoto asiye Mwislamu harithi kwa baba Mwislamu, lakini baba anaweza kumuusia mpaka theluthi moja ya mali yake. Mlango huo upo wazi akiwa hai. Akifa bila kuandika, umefungwa, na mtoto aliyemwosha miguu baba yake miaka ya ugonjwa anabaki kuomba huruma ya ndugu zake. Nimeliona hilo, na sijalisahau.

Kuna pia suala la watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Juni 2025 Mahakama ya Juu, iliyo kubwa kuliko zote nchini, iliamua kwamba watoto hao wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu ya namna walivyozaliwa. Wanazuoni wengi hawakuukubali uamuzi huo na mjadala bado ni moto. Mwenye mtoto wa aina hiyo asisubiri mjadala uishe. Amwandikie fungu lake sasa, ndani ya theluthi.

Mafungu, na hesabu ya kuchelewa

Kabla mrithi hajapata shilingi, mali ya Mwislamu hupitia milango mitatu kwa utaratibu huu: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki. Mahari ambayo mume hakuyalipa ni deni, na mjane anayadai pamoja na wadai wengine kabla ya kuhesabiwa fungu lake la urithi. Wajane wengi huona haya kuyataja. Wayataje, ni haki yao.

Tuseme baada ya milango hiyo imebaki nyumba yenye thamani ya shilingi 4,800,000. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumuni, yaani moja ya nane: 600,000. Zilizobaki, 4,200,000, zinagawanywa mafungu manne, kijana mawili na kila binti moja: kijana 2,100,000, kila binti 1,050,000. Watu wanne, hesabu ya dakika kumi. Siku hiyo wangeweza kuiuza wagawane, au kijana angewalipa dada zake polepole abaki na nyumba.

Lakini watu wakasema mama bado yupo, itakuwa aibu kugawa nyumba mama akiwa ndani. Wakanyamaza. Baada ya miaka sita kijana naye akafariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Zile 2,100,000 zake sasa zinagawanywa upya. Mama yake anapata sudusi, moja ya sita: 350,000. Mkewe thumuni: 262,500. Zinazobaki, 1,487,500, ni mafungu matano: kila kijana 595,000, binti 297,500. Nyumba ya watu wanne imekuwa ya watu saba: bibi, mabinti wawili, mkaza mwana na wajukuu watatu. Wajukuu wakiwa chini ya miaka 18, fungu lao haligusiki ila kwa idhini ya mahakama. Kisha bibi akafariki. Fungu lake, ambalo sasa ni 950,000, theluthi mbili zinakwenda kwa mabinti wake na theluthi moja kwa wajukuu, watoto wa mtoto wake aliyekufa. Binti mmoja naye akitangulia, mumewe na watoto wake, tuseme saba, wanaingia, na kwao ndiko kunakotimia wale kumi na watatu niliowataja.

Mafakihi wana jina la hali hii, munasakha, mirathi iliyopandana juu ya mirathi. Kadhi anaweza kuitatua. Anachohitaji ni cheti cha kifo cha kila aliyefariki katikati, orodha ya warithi wa kila mmoja, na warithi hao wafike. Jaribu kumtafuta shemeji aliyehamia Muscat 1998.

Ile aibu ya kugawa nyumba mama akiwa ndani inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kujua nani ana fungu gani si sawa na kumtoa mtu kwenye nyumba. Mnaweza kwenda kwa kadhi, mkaandikiwa mafungu yenu, mkarudi nyumbani mkala wali pamoja, na mama akaendelea kulala chumbani kwake mpaka siku yake. Mtakuwa mmekubaliana kwa hiari kuchelewesha kuuza, na karatasi iko salama.

Kwa asiye Mwislamu aliyekufa bila wosia akaacha watoto, mambo ni tofauti. Mume au mke aliyebaki anachukua vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu viwe vyake kabisa, na mali nyingine yote anaitumia maisha yake bila kuimiliki. Nyumba ataishi, kodi atapokea, lakini hawezi kuiuza kwa uamuzi wake peke yake: watoto wote watu wazima wakubali na mahakama itoe ruhusa. Akifariki, watoto wanagawana sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Kama marehemu alikuwa na wake zaidi ya mmoja, mali inagawanywa kwanza kwa nyumba kufuata idadi ya watoto, na kila mjane anahesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake.

Sheria hizi mbili hazilingani, lakini hakuna hata moja inayosema binti hapati kitu. Yule kaka anayemwambia dada yake "wewe umeshaolewa, nenda kwa mumeo" hana aya wala kifungu cha kusimamia.

Nyumba bila ardhi

Mawakili wageni wakifika Mombasa hushangaa. Mteja anasema ana nyumba Majengo lakini hana hati ya ardhi, na hasemi uongo. Katika ukanda wetu wa pwani wa maili kumi, hati nyingi za ardhi zilitolewa chini ya sheria ya 1908 kwa wamiliki wachache, na watu wakajenga nyumba za Kiswahili juu ya ardhi hiyo kwa kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mwenye nyumba anamiliki kuta, mabati na milango, na udongo ni wa mwingine.

Nyumba ya namna hii hurithiwa kama mali nyingine, ila kinachorithiwa ni jengo na yale makubaliano na mwenye ardhi. Hutaikuta ofisi ya ardhi kwa jina la marehemu. Ushahidi wake ni karatasi ya mauziano ya zamani na risiti za kodi ya ardhi. Za ami yangu tulizikuta chini ya godoro ndani ya mfuko wa nailoni, zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, za juu zimeliwa na mende mpaka tarehe hazisomeki. Zile tatu za chini kabisa ndizo zilizotuokoa, kwa sababu zilikuwa na jina lake kamili na saini ya mpokeaji. Mwenye nyumba ya aina hii azipige picha risiti zake leo. Na akifariki, warithi waendelee kulipa kodi hiyo bila kukosa hata mwezi, risiti iandikwe kwa niaba ya mirathi ya marehemu, wala isiandikwe kwa jina la mtoto mmoja. Ugomvi mwingi wa umiliki umeanzia kwenye risiti iliyobadilishwa jina kimyakimya.

Nyumba ikiwa ya wakfu, hairithiwi kabisa. Imeshatoka mikononi mwa aliyeiweka, na masharti ya hati ya wakfu ndiyo yanayosema nani anufaike. Kabla hamjaanza kugombana, ulizeni kwanza Tume ya Wakfu, iliyo na ofisi hapa hapa mjini.

Asiguse mtu

Siku ya pili ya matanga huwa kuna kijana anayejua namba ya siri ya simu ya marehemu. Anatoa pesa za chakula cha wageni, na nia yake ni njema. Kisheria hiyo tayari ni mali ya mirathi, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini mpaka shilingi 10,000, au kufungwa mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili. Gharama za maziko zinalipwa na mali ya marehemu, hilo halina shaka, kwa hiyo aliyetoa pesa aweke kila risiti na awaambie warithi wote siku ile ile. Kuuza gari, kupandisha kodi ya wapangaji, kubomoa ukuta, kugawana dhahabu za mama kabla ya mirathi: hayo yote yasubiri.

Njia ya mahakama za kawaida inakwenda hivi. Chifu anaandika barua ya kuwataja warithi wote. Hakikisheni kila mtoto yumo, wa mke mkubwa na mdogo, maana usimamizi uliopatikana kwa kuficha mrithi unaweza kufutwa wakati wowote, hata baada ya miaka. Mwombaji, ambaye kwa kawaida ni mume au mke aliyebaki kabla ya watoto, anajaza fomu ya P&A 80 na kiapo chake, P&A 5, yenye orodha ya mali na madeni. Wenye haki sawa naye wanatia saini ya kukubali kwenye P&A 38. Mali isiyozidi shilingi 20,000,000 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Wasimamizi wasizidi wanne, na kukiwa na mtoto mdogo wasipungue wawili. Ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, kisha barua ya usimamizi inatoka.

Barua hiyo wengi huishangilia kana kwamba wamemaliza. Inakuruhusu kukusanya mali, kudai na kulipa madeni. Haikuruhusu kuuza ardhi wala nyumba. Kwa kawaida miezi sita lazima ipite, ndipo mahakama iithibitishe pamoja na mgawanyo wa nani anapata nini, na uthibitisho huo ndio ofisi ya ardhi inaoutaka ili ibadilishe majina. Kwa hiyo ukiuziwa kiwanja na mtu mwenye barua ya usimamizi isiyothibitishwa, shika pesa zako.

Kwa kadhi mambo ni mepesi zaidi kwa karatasi na mazito kwa watu: anataka warithi wafike, mashahidi wa nasaba waseme, ndipo aandike mafungu. Wengi huenda bila wakili. Mjane aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi asilazimishwe kutia saini chochote nyumbani na wanaume waliokuja "kumrahisishia". Mali haitakimbia.

Ukiwa hai

Wosia wa maandishi, kwa asiye Mwislamu, unahitaji akili timamu, umri wa miaka 18, saini yako na mashahidi wawili waliokuona ukitia saini. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu, la sivyo zawadi yake inaweza kubatilika. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika, lakini unakufa usipofariki ndani ya miezi mitatu. Kwa Mwislamu, wasia ni wa theluthi tena kwa asiye mrithi. Ukimuusia mrithi, warithi wenzake lazima waridhie baada yako.

Ukitaka kumpa binti yako nyumba ukiwa hai, hiyo ni hiba, na hiba haikamiliki kwa kauli tu. Mpe, akubali, umkabidhi. Mama anayesema mbele ya shoga zake "nyumba hii ya binti yangu" huku kodi ya wapangaji anaendelea kuipokea mwenyewe, anamwachia binti huyo kesi.

Kisha pitia fomu zako. Uliyemwandika kwenye fomu ya hospitali kuwa ndugu wa karibu ni mtu wa kupigiwa simu, hana haki ya mali kwa sababu hiyo. Mteule wa akiba ya Sacco, chama cha akiba na mikopo, au wa pensheni ni kitu kingine: chama au mfuko hulipa kwa kufuata jina lile bila kupitia mirathi. Nimemjua mwanamume aliyemwandika mama yake miaka ya ujana, mama akafariki, akaoa, akazaa, na fomu haikuguswa. Mwislamu naye amuulize kadhi kama mteule anachukua kilicho chake au amebeba amana ya warithi wote. Pesa za benki zisizoulizwa na mtu kwa miaka huishia kwenye mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuzidai huko wakiwa na karatasi zao.

Mama yangu alikataa kuzungumzia haya kwa muda mrefu. Alisema ni uchuro. Mwezi wa Shaabani uliopita aliniita jikoni, akaniambia nichukue kalamu. Tulianza na madeni, kwa sababu alisema hayo ndiyo yanayomnyima usingizi. Kuna shilingi 4,000 za mchezo wa akina mama, zamu yake ilikuwa imeshapita. Kuna kitambaa alichokilipia nusu tu ya bei. Na kuna 800 za mama wa mahamri wa pembeni, ambaye hakuwahi kumdai. Niliandika jina la kila mmoja na nyumba yake iliko. Kisha akanionyesha risiti za kodi ya ardhi, nikazipiga picha moja moja juu ya kibao cha mbuzi huku yeye akizishika pembe zisijikunje. Zile 800 alinipa mkononi nikazipeleke jioni ile ile.